Muziki wa Pale Mama Anapotoka

Tarehe 3 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Najua utasema barua hii imechelewa mpaka imeota mvi, na utakuwa umesema kweli. Ningekupigia, lakini mwaka wa pili sasa simu yako ama haina chaji, ama imetumbukia kwenye ndoo, ama mtandao umekwenda matembezi. Basi nimekubali yaishe, nimeshika kalamu kama watu wa zamani. U mzima? Cherehani inasemaje? Sare za shule zimekuacha upumue?

Huku hatujambo. Baba goti linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakujibu kwamba bomba likipasuka haliulizi kama fundi amestaafu. Juzi jirani alimwita, akalala chali chini ya sinki, ikabidi tumvute watu wawili kumtoa. Alicheka mwenyewe. Dada naye mzima. Bado hakanyagi nyumbani, na Baba bado haulizi kwa nini. Wakitaka kuambiana jambo wanapitia kwangu. Mimi ndiye daraja lao, kila mmoja ananikanyaga.

Sasa lililonifanya niandike. Dada amemaliza kupiga filamu yake. Ni filamu ya familia: baba fundi bomba, mama, watoto wawili, nyumba yenye jiko dogo. Kwenye karatasi wameandika ni hadithi ya kubuni. Mimi nimeitazama na nimeliona jiko letu, mpaka kabati lililolegea mlango. Na muziki amenipa mimi. Mama mdogo, mtoto wako Kelele, niliyekuwa nikipigwa kwa kugonga masufuria, leo natengeneza muziki wa filamu nzima! Mpaka sasa nilikuwa mtu wa matangazo ya sabuni na biskuti. Nafanyia kazi katika chumba cha juu ya duka la magodoro, na mwenye duka ananiazima magodoro niyasimamishe ukutani kuzuia mwangwi. Nikimaliza anayarudisha dukani anayauza. Wateja hawajui kwamba wanalalia nyimbo zangu.

Lakini kuna kipande kimoja kimenikaa kooni. Mama anatoka na begi. Baba yuko mezani anakula, hanyanyui kichwa. Mama anasimama mlangoni, anamtazama, anatoka, mlango unafungwa. Hakuna anayesema neno. Kwa hiyo muziki ndio unaosema, na mimi ndiye niliyepewa mdomo, nami sijui la kusema.

Nilimfanyia majaribio mwenye magodoro. Nilimwonyesha kipande chenye fidla, akasema, "Masikini huyu mama, anaionea huruma nyumba yake." Nikamwonyesha picha ileile na muziki mzito wa ngoma za chini, akaruka, "Huyu mwanamume ni nyoka! Mtazame anavyokula!" Picha ileile, mama mdogo. Kijiko kilekile.

Dada anataka ule mzito. Anasema, "Nilikuwa na miaka tisa, nilisimama kwenye kona ya kabati, niliona kwa macho yangu. Hakunyanyua hata kichwa. Weka muziki unaosema hivyo." Mimi nilikuwa na minne. Sijui nilikuwa nimelala au nacheza. Sura ya mama naijua kwa picha mbili tu, na katika moja amefumba macho. Lakini naishi na Baba. Ndiye anayeniwekea chakula nikichelewa. Na tangu asikie kwamba filamu ya binti yake itaonyeshwa ukumbini mwezi wa Julai, ameshaipeleka suti yake kwa dobi. Hajui ndani mna nini. Atakaa pale kati ya watu, halafu muziki wangu utamnyooshea kidole.

Wewe ulikuwepo. Ulikuja kukaa nasi wiki ile, na ulikuwa mle jikoni. Ilikuwaje?

Nimekuwekea flashi yenye vipande vitatu. Picha ni moja. Cha kwanza kina fidla, cha pili ngoma, cha tatu kinanda, na hicho cha kinanda ndicho nilichokitunga bila kumwuliza mtu. Chomeka kwenye televisheni yako, uniambie upi ni wa kweli.

Mwanao aliyechanganyikiwa,
Kelele


Tarehe 27 Februari

Mwanangu Kelele,

Marahaba, tena mbili, moja ya kukusamehe. Barua yako na flashi vimefika na basi vikiwa vizima. Mimi nipo, nadunda. Shule ya huku juu imebadilisha rangi ya sare kutoka buluu kwenda kahawia, na hawakuniambia mpaka nilipokwisha kukata vitambaa vyote. Sasa nina buluu ya kuvisha mji. Usishangae nikikuletea suruali tano za buluu, na utavaa. Paka wa jirani amezalia kwenye kapu langu la vipande. Nimemwachia kapu, ningefanyaje?

Mpe pole baba yako ya goti. Mwambie shemeji yake anasema aache kulala chini ya sinki za watu, asije akazikwa huko.

Vipande nimeviona. Hongera sana, mwanangu. Machozi yalinitoka. Cha kwanza, fidla inalia mno, kama jirani anayetaka aonekane msibani. Cha pili, ngoma hizo zipunguze, zimetetemesha mpaka vikombe vyangu. Cha tatu ndicho. Kinanda kile kinaingia taratibu, kikakaa hapa kifuani, na mwishoni unapokipandisha juu nilishindwa kujizuia. Hicho usikiguse tena. Mpe dada yako, mle, mlale.

Hayo mengine unayouliza, mwanangu, ya jikoni yaishie jikoni.

Ila huyo mwigizaji wa baba mlimtoa wapi? Anajua kula, huyo. Mwambie dada yako kachagua mtu.

Mama yako mdogo


Tarehe 15 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima, Baba anakusalimu, anasema atazikwa anapopataka. Nisamehe kwamba leo salamu ni fupi.

Nilipopata barua yako nilifurahi, nikakimbia nayo kwa Dada. Nikamwambia, "Mama mdogo kachagua kinanda. Yeye alikuwepo, na anasema si ngoma." Neno lako kwake ni zito, unajua hivyo. Akasema haya, na tukisikilize basi hicho kinanda. Nikachukua nakala ya flashi niliyokutumia, nikachomeka.

Hakuna kinanda.

Hakuna kitu kabisa. Kwenye kipande cha tatu nilisahau kuunganisha sauti. Picha inakwenda bubu toka mwanzo hadi mwisho. Hata mlango haulii. Tumerudia mara kadhaa, tumebadilisha spika, nimekagua waya mpaka nimechoka. Wewe umeniandikia kwamba kinanda kimekaa kifuani na mwishoni kikapanda juu. Kilipanda kutoka wapi?

Nimejaribu kukutetea. Nikasema labda televisheni yako ilikuwa inapiga kitu kingine, labda kulikuwa na redio ya jirani. Dada akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Hajaangalia," akasema. "Amekuandikia sifa ili umwache. Hataki kuulizwa habari za siku ile, hajawahi kutaka." Akaondoka na ngoma zake.

Sijui niamini nini. Kama hukuangalia, si ungeniambia tu kwamba huna nafasi? Na kama uliangalia, yale machozi uliyoniambia yalikuwa ya nini? Mimi si mteja wako, mama mdogo. Mimi ni mtoto uliyenibeba mgongoni. Nimekuuliza jambo moja kubwa katika maisha yangu, ukanijibu kwa kinanda ambacho hakipo. Nimekasirika, na nimeona afadhali nikuandikie nikiwa bado nimekasirika, maana nikipoa nitaanza kukuchekea.

Kelele


Tarehe 19 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimepoa, na hujajibu. Nimepiga simu tena, inaita hadi inakata. Kama nimekukosea kwa barua ile, nisamehe. Ulimi hauna mfupa, na kalamu yangu haina breki. Niandikie japo mstari mmoja wa kunitukana, nijue uko hai.

Huku mambo yamenizidi kimo. Dada ameshaweka ngoma. Anasema siku ya mwisho ya kubadilisha muziki ni mwishoni mwa Juni, baada ya hapo filamu inafungwa na haiguswi tena. Ninatunga hivi na vile, nafuta. Nikiweka laini, nahisi nimemsaliti Dada aliyeniosha na kunivisha miaka yote ile. Nikiacha nzito, narudi nyumbani namkuta Baba ameniwekea sahani juu ya meza na kuifunika sahani nyingine. Nala nimeinama. Siwezi kumtazama.

Jana ananiuliza, anafuta miwani yake, "Nasikia kwenye filamu kuna fundi bomba."

Nikasema, "Yupo."

"Mtu mzuri?"

Nikasema sijui, sijaimaliza kuitazama. Akacheka, akasema, "Na wewe ndiye mwenye muziki!" Suti imerudi kutoka kwa dobi. Ameitundika mlangoni, kila akipita anaitoa uzi usiokuwepo.

Mwanao


Tarehe 2 Mei

Mwanangu Kelele,

Mimi ni mzima wa mwili. Paka wakubwa sasa, wanararua nyuzi zangu. Ile buluu nimepata wa kuichukua, shule nyingine ndogo, kwa hiyo umeponea chupuchupu suruali zako.

Barua yako ya hasira niliisoma nikaiweka chini ya cherehani, nikaishonea juu siku nyingi. Nilitaka kujibu kwa uongo mwingine mzuri zaidi. Nikaona nimezeeka mno kwa kazi hiyo.

Mwanangu, masikio yangu yamefunga duka. Lilianza kufunga moja, nikajipa moyo kwamba moja latosha. Halafu la pili likamfuata mwenzake. Sasa ni mwaka na zaidi sisikii hata cherehani yangu, naijua kwa mguu tu, inavyotetemeka. Wateja nawasoma midomo, na wakigeuka nacheka, maana kicheko kinajibu maswali mengi. Watu wananiona nimekuwa na maringo, nami nimewaacha waamini hivyo. Bora maringo kuliko huruma. Simu haijawahi kutumbukia kwenye ndoo. Simu ni nzima, mimi ndiye mbovu.

Kwa hiyo ulipoleta flashi yako nilikaa mbele ya televisheni, nikatazama vipande vitatu na vyote vilikuwa bubu. Uliniandikia mwenyewe: fidla, ngoma, kinanda. Nikapanga sifa kwa mfuatano huo, kama mwanafunzi anayenakili kwa jirani yake. Sikujua kwamba kwenye cha tatu hukuweka sauti. Nilipofika kwenye barua yako, pale unaposema hakuna kinanda, niliona aibu mpaka nikajifunika shuka mchana. Nilijua utauliza muziki, na muziki ndio kitu pekee ulichonacho cha kunionyesha. Ningekwambiaje kwamba sitausikia tena?

Lakini kuangalia niliangalia. Mwambie dada yako hivyo. Na machozi yalinitoka kweli, na nitakwambia kwa nini. Nyinyi mnaosikia mliambiwa na fidla muone huruma, mkaona huruma. Mkaambiwa na ngoma muone nyoka, mkamwona nyoka. Mimi hakuna aliyeniambia kitu, nikabaki na macho. Nikamtazama yule baba anavyokula. Anatafuna, hamezi. Rudia uangalie. Anapeleka kijiko, anatafuna, anatafuna, koo halishuki. Mtu asiyejali humeza. Tonge lile lilikuwa mdomoni mpaka mlango ulipofungwa. Na ndivyo ilivyokuwa, Kelele, ndivyo hasa. Dada yako aliona kila kitu akiwa pale kwenye kona, akakihifadhi mpaka leo, akamfundisha mwigizaji akifanye vilevile. Ila hakujua alichokiona.

Sasa nisikilize. Asubuhi ile mama yenu alimwambia baba yenu mbele yangu, nikiwa naosha vikombe: "Nikipita, usinitazame. Ukinitazama nitakaa. Na nikikaa nitawachukia nyote." Baba yako akasema, "Haya." Akaketi, akajipakulia, akainama.

Usiniulize kwa nini aliondoka. Niliishi naye hapa miaka miwili mpaka alipofariki, kitanda kwa kitanda, na sijui. Hakupigwa. Hakunyimwa. Alisema nyumba ile ilimbana kama nguo iliyoshonewa mtu mwingine. Kila Jumapili alifunga begi aje kuwaona, na kila Jumapili akalifungua. Nilimpenda dada yangu, nilimzika, na sijamwelewa mpaka leo. Ukitaka jibu, mimi sina. Nimebaki kuchanganyikiwa kama wewe, ila nimezoea.

Siku ya mazishi baba yenu alinivuta pembeni. Akasema, "Waache watoto wanichukie mimi. Mimi nipo, nitavumilia. Yeye hayupo wa kujitetea." Nikamkubalia, na nimeshika neno lake mpaka nimekuwa kiziwi nalo. Lakini umeniandikia habari ya suti, na kwamba ameuliza kama fundi bomba ni mtu mzuri. Hapo nikashindwa.

Mpe dada yako barua hii aisome yote, pamoja na habari ya masikio.

Mama yako mdogo


Tarehe 9 Juni

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Nisamehe. Nisamehe tena. Nilipokuandikia "mimi si mteja wako", kumbe wateja ndio unaowasoma midomo, na wangu uko mbali, huuoni. Kuanzia sasa simu sipigi, na kalamu siiachi. Tena nimeuliza habari za vifaa vya masikio. Usikatae kabla hujajua ninachotaka kusema.

Barua nilimpelekea Dada. Aliisoma amesimama katikati ya magodoro. Akasema, "Uongo." Akaisoma tena. Akaniomba nimrudishie kipande cha jikoni, bila muziki, akasogea karibu na kioo mpaka pua ikagusa. Akatazama koo la yule mwigizaji. "Mimi ndiye niliyemwambia asimeze," akasema. "Sikujua kwa nini. Nilimwambia tu, usimeze." Akakaa chini, akalia, nami nikampa glavu ya kubebea magodoro ajifutie kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Jumamosi alikuja nyumbani. Miaka yote hiyo, mama mdogo, na akaja mikono mitupu kama mtu aliyetumwa dukani akarudi. Baba alikuwa chini ya sinki letu wenyewe. Dada akasema, "Shikamoo, Baba." Sauti ikatoka huko chini, "Marahaba. Shika tochi." Akapiga magoti, akashika tochi. Walikaa hivyo mpaka kazi ikaisha, wakizungumzia uzi wa bomba na mpira wa koki uliokwisha.

Baba alipotoka chini ya sinki akifuta mikono, Dada akamwambia, "Baba, tumejua kwamba alikuambia usimtazame." Baba akaendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka. Akasema, "Mama yenu mdogo siku hizi ana mdomo." Dada akamwuliza kama alijua kwamba yeye alikuwepo, kwenye kona. Baba akasema, "Nilijua. Niliona miguu yako. Ulikuwa umevaa kiatu kimoja."

Nikadhani yamekwisha, mama mdogo. Nilikuwa nimeshatunga muziki mpya, kinanda cha kweli sasa, chenye sauti, kisichomlaumu mtu. Jumapili tukamleta Baba chumbani kwangu. Alipanda ngazi taratibu kwa ajili ya goti. Tukamwonyesha kipande na ngoma, tukamwonyesha na kinanda. Aliisikiliza miziki yote miwili amefumba macho. Picha hakuitazama. Halafu akasema, "Wekeni ule mzito."

Dada akaruka. "Baba, ule unakufanya wewe mbaya!"

"Najua. Si ndiyo kazi yake?" Akanigeukia mimi. "Huu wako wa kinanda ni mzuri sana, Kelele. Unanifanya mtu mwema. Sasa mtu mwema akiachwa, watu wanauliza nini? Wanauliza, huyo mwanamke alikuwa na nini? Watamgeukia yeye, na hayupo. Sikumficha miaka yote hii nije nimtoe kwa kinanda."

Dada akamwambia kwamba ile ni filamu, hakuna atakayejua ni nyinyi. Baba akasema, "Mimi nitajua."

Tumebishana wiki nzima, mimi na Dada. Yeye aliyetaka ngoma sasa hazitaki, anasema ametengeneza filamu ya mtu ambaye hayuko. Mimi niliyezikataa sasa nasikia maneno ya Baba na sijui kama nina haki ya kumnyima. Kumtii ni kumdhulumu. Kumtetea ni kumvunjia neno lake. Nisaidie.

Kelele


Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Hatujambo hapa, mimi na paka. Hivyo vifaa vya masikio nitavijaribu, lakini vikipiga mluzi nitakurudishia.

Muziki si kazi yangu tena, nami siwezi kuwachagulia. Nasema hili moja tu: mmeishi bila kumwuliza baba yenu anataka nini. Sasa amewaambia. Kama hampendi alichosema, huo ni msiba mwingine.

Sitakuja ukumbini. Safari ni ndefu, na sitaki kukaa gizani nikiwatazama watu wanalia kwa kitu nisichokisikia. Lakini siku hiyo ikipita niandikie. Usiniandikie fidla ilifanyaje. Niandikie watu walikaaje.

Mama yako mdogo


Tarehe 14 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia kama ulivyoniagiza.

Ukumbi ulijaa. Mwenye magodoro alikuja na mkewe, wakakaa mbele kabisa, akawa anageuka kuniangalia kila muziki ukianza, kama mtu aliyeutoa yeye dukani. Baba alivaa suti. Imemlegea mabegani, hatukuwa tumeona hivyo ilipokuwa imetundikwa. Sisi wawili tulimweka katikati, Dada kushoto kwake, mimi kulia, upande wa goti bovu, ili alinyooshe kwenye njia.

Mwanzo wote alitazama vizuri. Pale watoto wanapopigania bafu alicheka, na pale fundi bomba anapofunga koki ya maji kinyume alinong'ona, "Hapo sivyo." Dada alinong'ona, "Samahani, Baba."

Tuliacha ngoma. Nimekwambia tulibishana. Mpaka siku ya mwisho tulibishana, hatimaye Dada akasema, "Ni yake," akabonyeza. Sijui kama tulifanya sawa. Nikiwa mkweli, usiku huu bado sijui.

Kipande cha jikoni kikaanza. Mama akaingia na begi. Ngoma zikaanza chini kabisa, nikaona mabega ya watu yanapanda. Nyuma yetu mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Mwone, mwanamume gani huyu, jiwe!" Wengine wakaguna. Mimi nilikuwa nimejiandaa nione Baba anavyolipokea lile. Nikageuka.

Hakuwa anatazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake, mikono juu ya magoti. Nilidhani ni maumivu. Nikamgusa, "Baba, vipi?" Dada naye akageuka. Huko mbele mama anasimama mlangoni, anamtazama mumewe, na Dada alikiacha kipande kile kirefu, kirefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia. Watu wote ukumbini wanamtazama mama. Mimi na Dada tunamtazama Baba. Baba anatazama viatu. Taya zake zilikuwa zimekaza.

Mlango ukafungwa. Ngoma zikakata. Ukumbi mzima kimya, hata yule mwanamke wa nyuma. Baba bado ameinama.

Halafu akauliza, taratibu, kwa sauti ambayo hata wewe ungeisoma mdomoni, "Ameshatoka?"

Dada akamshika mkono. Akasema, "Ameshatoka, Baba."

Ndipo akanyanyua kichwa.

Wanao,
Kelele na dada yake